Betri ya Kurudi Nyumbani Haiguswi

Wasee, hii stori nimeiandika mara tatu nikaifuta. Si ati ni ngumu, ni vile inaniaibisha. Lakini wiki hii tena msee ameniuliza, "Buda, friji na taa za hiyo gari ulizifungaje?" Nikaona afadhali niseme ukweli kabla mtu hajaniiga.

Wengi wenu mnanijua kwa video za barabara. Mmeona taa za rangi nyuma ya Prado, mmeona friji ikifunguliwa na soda zimeshika jasho, mmeona nikichaji droni mahali hakuna hata mlingoti wa stima. Kitu hamkuona ni asubuhi iliyofuata. Hapo kamera ilikuwa imezimwa.

Gari si yangu. Ni ya Anko, ndugu ya mamangu. Ni Prado ya zamani, ya dizeli, otomatiki. Anko aliendesha lori barabara ya Moyale enzi zile lami haijafika, wakati kutoka Isiolo hadi mpakani ilikuwa siku kadhaa za mawe na vumbi. Miaka yote hiyo alikuwa anapita Marsabit akisikia watu wakiongea juu ya jangwa la Chalbi, lakini lori la wenyewe halichepuki kwenda kuangalia jangwa. Sasa amestaafu. Ana kisukari, na kila siku anajidunga insulini. Mwaka jana akaniita akaniambia, "Kijana, si wewe ndio mtu wa safari? Usukani wako, mafuta yangu. Nipeleke nione Chalbi."

Nikamwambia, "Hakuna shida, Anko. Friji iko, dawa itakaa poa."

Hiyo sentensi ndiyo inanirudia usiku.

Friji yenyewe ilikuwa imefungwa hivi. Nilitafuta fundi nikamwambia avute waya kutoka kwa betri ya gari moja kwa moja hadi kwa buti. Aliuliza kama naweka fyuzi. Nikamwambia aharakishe, nina video ya kupiga jioni. Kwa huo waya nikafunga friji, taa, na inveta ya kuchaji kompyuta. Yaani vitu vyote vilikuwa vinakula kwa sahani moja na stata ya gari.

Tulipitia Marsabit, tukashuka Maikona, tukafika Kalacha jua likizama. Tukapiga kambi karibu na mikoma, upepo unavuma, nyota ni kama mtu amemwaga chumvi. Nikawasha kila kitu. Taa, friji, inveta, betri za droni zote zikachajiwa. Nilipiga picha safi sana usiku huo. Bado ziko kwa simu na sijaziweka popote.

Asubuhi saa moja nikageuza funguo. Tik-tik-tik. Nikageuza tena. Tik. Halafu kimya.

Vijana wa pale walikuja haraka wakitaka kusukuma. Anko aliwashukuru, akawaambia hii ni otomatiki, mtasukuma mpaka North Horr na haitawaka. Ndipo nikaelewa tuko wapi. Jua lilikuwa linapanda, friji imezima, na ndani yake kuna boksi la insulini.

Kama hujui hii dawa, ni hivi. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwa friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ile umeanza kutumia, aina nyingi zinaweza kukaa nje kama wiki nne, lakini joto lisipite nyuzi 30. Ndani ya gari lililoegeshwa kwa jua la Chalbi, nyuzi 30 ni kitu cha kuota.

Mimi nilikuwa nazunguka nikiinua simu juu kutafuta mtandao. Anko hakusema kitu. Alitoa dawa, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaloweka shati lake kwa maji, akalizungusha juu ya mfuko na kuuning'iniza kivulini mahali upepo unapita. Kila shati likikaribia kukauka, analoweka tena. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema wakiwa na lori walikuwa wanafunga mtungi wa maji kwa gunia lililoloweshwa, maji yakikauka kwa upepo yanaondoka na joto.

Halafu akaniangalia. "Kijana, tulikuwa pia na mtungi wa dizeli. Mmoja. Huo ni wa kurudi. Hata uombwe na nani, haufunguliwi. Wewe jana usiku ulikunywa ya kurudi."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Lori lilikuja saa nane mchana. Hapo tena Anko akaniokoa, kwa sababu mimi nilikuwa nishashika waya za kujampisha nikikimbilia betri. Lori nyingi hutumia volti 24, betri mbili za volti 12 zimefungwa kwa kufuatana. Ukishika ncha mbili za mwisho unasukuma volti 24 kwa gari la 12, na hapo umechoma vifaa. Anko akaziweka waya kwa betri moja tu kati ya zile mbili. Prado ikawaka. Hatukungoja kuona Chalbi. Tuligeuza siku hiyo hiyo tukarudi Marsabit kutafuta dawa nyingine, kwa sababu insulini iliyopigwa na joto unaweza kuiangalia kwa macho na ikakaa sawa tu, na mtu hajidungi kitu cha kubahatisha.

Turudi kwa betri sasa, kwa sababu hapo ndipo nimesoma.

Nikiwa Nairobi nilitafuta fundi mwingine wa umeme wa magari, mzee mmoja mpole. Nilifika nikitaja betri nimeona kwa mtandao, kubwa, ya lithiamu. Hakuniuliza bajeti. Aliniuliza, "Kwa siku unakula ampea-saa ngapi?" Nikabaki nimekodoa macho. Akanipa kalamu na kipande cha katoni.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Chukua wati za kifaa, gawanya kwa volti 12, unapata ampea. Zidisha kwa masaa kinafanya kazi. Friji yangu inavuta kama ampea 4 ikinguruma, na kwa joto hunguruma kama nusu ya muda. Hiyo ni wastani wa ampea 2 kwa masaa 24, yaani 48. Taa, 4. Simu mbili, 3. Kamera na droni, 8. Kompyuta kupitia inveta, 6. Jumla ni ampea-saa 69. Tuseme 70.

Betri ya Prado ilikuwa ya ampea-saa 70. Manze, nilicheka kicheko cha mtu amepatikana.

Na kuna mabaya zaidi. Betri ya kuwasha gari haijatengenezwa imalizwe. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu altaneta inaijaza tena. Ukiizoesha kunywewa hadi chini inakufa mapema. Ile ya kambi inatakiwa iwe aina ya kutoa pole pole kwa muda mrefu. Hata hiyo, kama ni ya risasi, usipite nusu, kwa hivyo ya ampea-saa 100 inakupa 50 hivi. Ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti, yenye ukubwa huo huo, unaweza kutumia kama 80. Kwa matumizi yangu, ya risasi haimalizi siku moja. Ya lithiamu inamaliza siku na kubaki na kidogo.

Nikachagua lithiamu, na bei ilinifanya nikae chini. Fundi akasema bado. Betri mbili haziunganishwi hivi hivi. Ukizifunga pamoja kwa waya tu, ni betri moja kubwa yenye shida mbili. Friji itakunywa zote na asubuhi utasikia tik ile ile. Kwa betri mbili za risasi, watu wengi hutumia swichi inayozitenganisha yenyewe injini ikizimwa. Lakini lithiamu ikiwa na njaa huvuta umeme mwingi sana kwa mpigo, inaweza kuchosha altaneta. Na magari mapya yana altaneta zinazoshusha volti zenyewe ili kuokoa mafuta, kwa hivyo betri ya nyuma haijai. Dawa ya hizo shida ni chaja ya betri kwa betri. Inakaa katikati, inafanya kazi injini ikiwaka peke yake, na inapima kiasi inachopitisha. Yangu ni ya ampea 25. Maana yake kurudisha zile 70 nahitaji kuendesha kama masaa matatu. Nikikaa kambi siku mbili bila kuendesha, hakuna muujiza. Ndiyo maana nikaongeza paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, ambayo siku ya jua zuri hunipa kama ampea-saa 30.

Halafu waya. Hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya. Kutoka injini hadi buti ni kama mita 6, na umeme lazima urudi, kwa hivyo hesabu 12. Ukipitisha ampea 40 kwa waya wa milimita mraba 6, unapoteza karibu volti 1.4 njiani. Altaneta inatoa 14 na kitu, nyuma kunafika chini ya 13, betri haitajaa hata ukiendesha hadi Cape Town. Kwa waya wa milimita mraba 25 unapoteza kama 0.3. Na ile nguvu inayopotea haiendi mbinguni, inageuka joto ndani ya waya.

Na fyuzi. Fundi alipofunua kazi yangu ya kwanza alikuta waya umesuguliwa na ukingo wa bodi mpaka plastiki imebaki kama ngozi ya kitunguu. Ingebaki safari moja ya mawe, shaba iguse chuma. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea. Bila fyuzi hakuna kitu cha kuizuia isipokuwa waya wenyewe kuungua, na ulikuwa unapita chini ya kiti alichokalia Anko. Fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, na kama kuna betri kila upande basi kila upande uwe na yake, kwa sababu moto unaweza kutoka kokote. Ukubwa wake unafuata waya, si friji. Iko hapo kulinda waya.

Ndiyo maana nimefuta ile video ya zamani. Wengi mliipenda. Ilikuwa na muziki mzuri, taa za zambarau, na maneno "funga betri yako chini ya saa moja." Kwa dakika nzima sikuonyesha fyuzi hata mara moja, kwa sababu sikuwa nayo. Kuna msee mahali ameifuata, najua. Kama ni wewe, tafadhali nenda ukachomoe huo waya leo. Si kesho.

Sisi watu wa kamera tuna ugonjwa wa kununua kitu kinachoonekana. Betri kubwa inaonekana, taa zinaonekana. Waya mnene chini ya zulia hauonekani, fyuzi haionekani, hesabu kwa katoni haina mtazamaji. Mimi pesa yangu yote ilikuwa kwa vitu vya kupigwa picha, na vitu vya kutulinda nikaviachia Mungu na shati la Anko.

Kazi ilipoisha, Anko alikataa twende popote kabla ya jaribio. Akasema kama itatuangusha, ituangushe hapa nyumbani. Kwa hivyo nililala ndani ya Prado usiku mbili kwa parking ya ploti yetu, Umoja, friji ikinguruma na chupa za maji mahali pa dawa, kipimajoto ndani. Jirani alimuuliza mamangu kama nimefukuzwa nyumba. Asubuhi ya tatu friji ilikuwa bado nyuzi 5. Anko akashuka na kikombe chake cha chai isiyo na sukari, akasimama kando ya dirisha, akaniambia nigeuze funguo.

Iliwaka mara ya kwanza.

Alikunywa chai yake akisikiliza injini kwa muda, vile madereva wa zamani husikiliza. Halafu akasema, "Sawa. Tupange Chalbi."

Tunatoka mwezi ujao. Picha nitawaletea. Ya kwanza itakuwa ya fyuzi.