Ukitaka Pwani Tulivu, Uliza Wavuvi



Mimi ni bwana shamba. Nikija Dar es Salaam kwa kazi, hufikia kwa ndugu yangu Kawe. Wengine huvuka kwa boti hadi visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ambavyo ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975. Mimi hutafuta pwani tulivu hapo hapo Kawe.

Lakini utulivu una hatari yake. Ukizidiwa na maji, nani atakusikia ukiita?

Sisi wa bara tunajua mvua na udongo. Bahari ni kitu kingine. Kwa siku moja, maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2. Wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo huwa bamvua. Maji hutoka mbali, kisha hurudi kwa wingi. Ukiwa kwenye fungu la mchanga, yatakuzunguka.

Basi ukifika, wasalimu wavuvi. Waulize: "Maji yanajaa au yanakupwa? Wapi pana kina?" Usikanyage nyavu zao. Pwani ndiyo shamba lao. Watoto usiwaache peke yao majini.

Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Pwani, mwenyeji ndiye humponya mgeni.