Mwizi wa Dizeli

Tuhuma ni rahisi kutamka lakini ni ngumu kufuta. Jambo hili nilijifunza mwaka 2016, siku nilipomdhania wizi mtu mwaminifu.

Nilikuwa na pikapu ya dizeli iliyochukua viazi kutoka Kinangop hadi Nairobi mara 2 kwa juma. Safari hizo, kwenda na kurudi, zilikuwa kilomita 320, nazo zilitumia lita 30 za mafuta. Ghafula zikawa lita 40. Njia haikurefuka, wala mzigo haukuzidi. Basi nilimwita dereva wangu, mzee aliyenipita umri kwa miaka 20, nikamwuliza mbele ya wachukuzi, "Mzee, mafuta yangu yanauzwa wapi?"

Hakukasirika. Alinitazama kwa huzuni, akajibu, "Mwanangu, jaza tangi pomoni, andika kilomita, kisha twende pamoja. Tukirudi, jaza tena, ugawanye."

Kabla ya kuondoka alipima upepo wa matairi. Mawili ya nyuma yalikuwa yamelegea. Na tairi lililolegea hupondeka likizunguka, likala bure nguvu ya injini. Alifungua chujio la hewa, nalo lilikuwa limejaa vumbi la kiangazi. Injini ya dizeli ikikosa hewa ya kutosha haichomi mafuta yake vyema. Ndiyo sababu kila tulipopanda kilima tulifukiza moshi mweusi. Hakurekebisha lolote, ili nione mambo yalivyokuwa.

Penye tambarare tulikwenda kilomita 110 kwa saa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilimwamuru awatangulie wengine sokoni. Kizuizi cha upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: katika kilomita 110 hukaribia kuwa mara 2 ya kile cha kilomita 80. Tena uzio mrefu wa mbao, nilioupachika nyuma mwezi ule, ulipambana na upepo njia nzima. Sokoni injini iliunguruma saa nzima tukingoja zamu, maana nilikuwa nimemkataza kuizima, nikihofu kwamba betri kuukuu ingeshindwa kuiwasha tena.

Tuliporudi tulijaza tangi. Kilomita 160 zilikuwa zimekula lita 20, nami nilikuwa nimeketi ubavuni mwa dereva tangu mwanzo hadi mwisho. Hapakuibwa hata tone. Amri zangu na uzembe wangu ndio uliokunywa mafuta.

Juma lililofuata tulijaza upepo, tukabadili chujio, tukaondoa uzio, tukanunua betri, tukaenda mwendo wa kilomita 80. Safari 2 zilitumia lita 31. Nikawakusanya wachukuzi wale wale, nikamwomba mzee radhi mbele yao, maana aibu ya hadharani haifutwi faraghani.

Alinisamehe, na kazi aliendelea nayo. Lakini tangu siku ile hakuniita tena mwanangu, aliniita bwana.

Enyi vijana, apimaye kabla ya kusema hupoteza saa chache tu. Asemaye kabla ya kupima huweza kupoteza kitu kisichouzwa dukani.