CHURA WA BURURI

Makelele ya chura hayamzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii kila mwanafunzi aijua, na wengi hudhani maana yake ni kwamba chura si kitu. Leo napenda niwaelezeni, ninyi wenzangu wa madarasani na ninyi wazee wa shule mliotutangulia, kwa nini mimi namheshimu.

Nakaa Cibitoke, kaskazini ya mji wa Bujumbura, mahali tambarare. Mvua zinyeshapo maji hutuama mitaroni, na usiku vyura huimba hata redio haisikiki. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na dimbwi. Mwaka jana baba alilifukia kwa kifusi akajenga chumba cha kupangisha. Nilipomwuliza vyura watakwenda wapi, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, ada yako watailipa vyura?" Nikanyamaza, maana ni kweli: kodi ya chumba kile ndiyo inisomeshayo.

Lakini swali halikunitoka, nikaanza kusoma habari za viumbe hawa. Nilisoma kwamba huko China na Japani yuko salamanda, ndugu yake chura, mwenye mkia kama mjusi, akuaye hata kupita mita 1. Yule wa China amewindwa kwa ajili ya nyama yake hata amekaribia kutoweka. Kwetu, kusini ya Sahara, salamanda hawapo kabisa. Amana yetu sisi ni vyura.

Na tunaye mmoja wa ajabu. Katika msitu wa Bururi, kusini ya nchi yetu, yuko chura mdogo mweusi mwenye madoa ya kijivu na buluu, na dume lake lina kidole kimoja kirefu mno. Wataalamu walimwona mwaka 1949, kisha hawakumwona tena, wakaogopa kwamba amekwisha. Mwezi wa Desemba 2011 Bwana David Blackburn kutoka Marekani aliingia msituni usiku kumtafuta. Alisikia mlio, akaufuata, akafunua majani, na tazama, chura amekaa juu ya gogo! Miaka 62 alikuwa akiimba bila ya mtaalamu kumsikia. Aliishi kwa sababu msitu wake ulikuwa bado umesimama.

Linganisheni na chura wa Kihansi, Tanzania. Huyu hafiki sentimita 3, hatagi mayai bali huzaa watoto, na makao yake yalikuwa mahali pamoja tu duniani: penye manyunyu ya maporomoko ya maji katika milima ya Udzungwa. Mwaka 2000 maji yaligeuzwa njia ili kupata umeme, manyunyu yakapungua. Baadaye ukaingia na ugonjwa wa ngozi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hayupo tena porini. Bahati njema karibu vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani wakafugwa. Wa kwanza walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa Kihansi, ambako mabomba yamewekwa kuwanyunyizia maji. Kazi kubwa namna gani, na gharama!

Basi nimepata jibu la swali langu. Chura wa mtaroni, ukifukia dimbwi lake, huhamia la jirani. Cibitoke tungali tunawasikia kila masika. Lakini chura wa msituni hana jirani wa kumkaribisha. Umeme twautaka, na nyumba twazitaka. Ila yafaa kwanza tujue ni nani akaaye pale, na kama anapo pengine pa kwenda.

Ndugu zangu, wengi wenu mtakuwa wapimaji wa ardhi, wahandisi na maofisa, na baadhi yenu mmekwisha kuwa. Siku mtakapoletewa ramani ya bwawa au barabara mtie sahihi, ulizeni swali hilo kabla ya kushika kalamu.