Kuanzia Ukutani

Sisi wa Rungwe ushuhuda tunaujua. Wamoraviani walianzisha misheni yao hapa mwaka 1891, na hadi leo ni nadra Jumapili ipite bila mtu kusimama na kueleza alikotolewa. Wa kwangu siwezi kuutoa kanisani, maana unahusu kompyuta ya kuchezea gemu, na wazee wangenikalisha chini kabla sijafika kwenye pawa saplai. Kwa hiyo nauandika. Namwandikia hasa yule ndugu ambaye wiki hii ana fedha mkononi, usiku anapitia picha za kompyuta zenye taa za rangi kwenye simu, na moyo unamwenda mbio. Nilikuwa hapo alipo.

Nimekulia Kiwira, kando ya barabara inayotoka Uyole kushuka hadi Kasumulu mpakani. Utotoni niliuza ndizi kwa abiria na madereva, na malori ya Malawi niliyajua kwa mlio kabla hayajatokeza kwenye kona. Baadaye nikapata kazi kwenye steshenari moja Tukuyu mjini: kuchapa barua, kutoa kopi, kujaza fomu za watu. Kwenye kompyuta ya pale rafiki yangu akaniwekea Euro Truck Simulator 2. Gemu hiyo ilitoka mwaka 2012, lakini kwangu ilikuwa mpya kabisa. Ilikwenda kwa kukwamakwama, lori likiruka kutoka mti mmoja hadi mwingine, na bado nilichelewa kurudi nyumbani karibu kila siku. Nikasema nitanunua yangu.

Kuitaka hakukuwa na ubaya. Lakini niliitaka ili ionekane. Nilitaka vijana wenzangu waingie chumbani, waone feni zinawaka bluu na nyekundu, wanyamaze. Mwaka 2019, fedha ya parachichi ilipoingia, nilipanda basi hadi Kariakoo bila kumuuliza mtu yeyote, wala mke wangu sikumweleza kiasi halisi. Kule winga, dalali wa maduka, alinipokea vizuri sana. Alinisoma mapema kwamba mimi ni mtu wa majina: ukinitajia namba kubwa natikisa kichwa kama ninayeelewa. Karibu nusu ya fedha ikaenda kwenye kadi ya grafiki iliyoandikwa GTX 1050 Ti. Kilichobaki kikanunua kasha la kioo, mazabodi ya zamani na prosesa yake, na pawa saplai ya wati 500 yenye taa, kwa bei iliyonifurahisha. Sikujiuliza kwa nini ilinifurahisha.

Nilipofika nyumbani gemu ilikwenda vibaya kuliko ya ofisini. Nikalaumu gemu, nikalaumu Windows, nikalaumu intaneti. Baada ya muda nikashusha programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 ina uwezo wa kutambua kadi za Nvidia za kughushi, na mbele ya jina la kadi yangu likatokea neno la Kiingereza lenye maana ya bandia. Ndani yake mlikuwa na chipu ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011 iliyobadilishiwa jina. Dalili ilikuwa nje muda wote: kadi ilikuwa na tundu la VGA, lile la bluu la skrini za zamani, wakati chipu za familia ya GTX 10 hazitoi kabisa mawimbi ya aina hiyo. Mtu yeyote mwenye kujua angeliona pale pale dukani. Mimi nilikuwa natazama taa.

Niliendelea kuitumia hivyo hivyo, kwa sababu kukiri kungeniaibisha. Wageni wakija nawasha taa, gemu siwashi.

Masika ya 2020 yakaja. Kwa asiyeijua Tukuyu niseme tu kwamba tuko juu, kama mita 1,500 na zaidi, na mvua yetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Machi na Aprili radi hupiga mchana, hupiga usiku. Jioni moja ilipiga karibu, umeme ukaenda ukarudi, na kutoka kwenye kasha la kioo ikatoka harufu ambayo kila fundi anaijua. Pawa saplai ilikufa, na katika kufa kwake ikaondoka na mazabodi.

Mke wangu hakunigombeza. Aliuliza tu, “Baba watoto, na zile picha za mtoto zilikuwa humo?” Zilikuwa humo. Zilikuwemo na kazi za wateja wa ofisini nilizokuwa nazimalizia nyumbani. Sikuwa na nakala nyingine popote. Nikamjibu kwamba sijui, nikatoka nje nikasimama barazani mvua inanyesha. Kwa miezi kadhaa lile kasha lilikaa pembeni limefunikwa kitenge, na mimi nikawa mtu wa hasira za ovyo.

Nililipeleka kwa fundi nikiwa nimekwisha kata tamaa, nikitaka anunue vipande. Ni mzee anayetengeneza redio na televisheni, hana bango mlangoni. Nikamwamkia, “Shikamoo mzee.” Akaitikia marahaba bila kuinua macho, akalifungua kasha. Akaitoa ile pawa saplai, akaiweka kiganjani, akaipima uzito kwa kuichezesha juu na chini. Kisha akanipa niisome.

“Hapa juu wameandika wati ngapi?”

“Mia tano, mzee.”

“Soma mstari wa volti kumi na mbili.”

Uliandikwa ampia 16. Akanipigisha hesabu mwenyewe: kumi na mbili mara kumi na sita, wati 192. Prosesa na kadi ya grafiki vinakula kwenye mstari huo wa volti 12, kwa hiyo nilichokuwa nacho hakikufika hata wati mia mbili. Zile nyingine zilikuwa namba za kupamba kibandiko. Huko ndani hapakuwa na kizuizi cha maana cha kuzuia umeme mkali usipite. Niliona haya, nikaanza kueleza habari za winga. Akanikatiza kwa upole: “Mwanangu, unataka kuicheza miaka mingapi?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na mimi sikuwa nimejiuliza. Niliwaza siku ya kwanza tu, ya watu kuingia na kushangaa. Nikasema, labda saba, labda nane. Akasema kama ni hivyo nilianzia mwisho. Mgomba wenye mkungu mkubwa huwekewa mhimili kwanza, wewe umening’iniza mkungu kabla mgomba haujasimama. “Anza ukutani,” akasema. Kwanza waya wa ethi wa nyumba. Halafu pawa saplai. Halafu mazabodi ambayo kesho itapokea prosesa nyingine. Kadi iwe ya mwisho.

Kabla sijaondoka alichukua ile hadi diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Ikafunguka. Picha za mwanangu zote, barua za wateja zote. Nilimuuliza nimlipe nini, akasema niende kwanza nikamwonyeshe mama. Nilistahili kupoteza kila kitu kilichokuwa humo, na sikupoteza. Hadi leo siwezi kueleza kwa nini radi ile ile iliyoua mazabodi iliiacha diski.

Kuanzia hapo sikununua kitu kwa muda mrefu. Nilisoma. Mkono mtupu ulinisaidia, maana mwaka 2020 na 2021 bei za kadi zilipanda kichaa dunia nzima kwa sababu ya uhaba na wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Hata ningekuwa na fedha ningepigwa tena. Fundi alinikagua kila nilipopita. Nikimletea namba, ananiuliza inakula wati ngapi. Nikimletea mazabodi, ananiuliza itapokea nini kesho.

Njia ya kwanza niliyoifikiria ni kompyuta za mtumba za maofisini, Dell OptiPlex na wenzake, kununua moja kisha kuichomekea kadi ndogo. Kwa mwenye fedha kidogo kabisa bado ni njia halali, simcheki anayeifuata. Lakini nyingi zina pawa saplai yenye plagi ya kampuni yenyewe, haibadilishiki kwa ya kawaida, na zile nyembamba hupokea kadi fupi tu. Tena zile za prosesa za kizazi cha nne Windows 11 haizitaki, inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi niliambiwa nihesabu miaka, nikahesabu.

Nikachagua soketi ya AM4 ya AMD. Prosesa za Ryzen za kwanza ziliivaa mwaka 2017, na mwaka 2022 bado zilikuwa zinatoka mpya kwa ajili yake. Mwaka huo huo, Septemba, ilitoka AM5, ambayo ina maisha marefu zaidi mbele, lakini inataka RAM za DDR5 tu, na bei ya mazabodi zake ilikuwa juu ya uwezo wangu. Nikabaki AM4 bila kinyongo. Nikanunua mazabodi ya B550, maana za B450 zilizokaa sana kabatini huenda zikahitaji kusasishwa BIOS kabla ya kuwasha prosesa mpya, na mimi sikuwa na prosesa ya zamani ya kufanyia kazi hiyo. Nikaweka Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake. Hii ndiyo iliyoniokoa: ungeweza kucheza bila kadi yoyote, ukisubiri. Ina hasara zake, nisikufiche. Kashe yake ni megabaiti 16 wakati 5600 ya kawaida ina 32, na njia yake ya kadi ni ya PCIe 3 badala ya 4. RAM nilichukua vijiti viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakunywa kwenye RAM, na vijiti viwili huipa njia mbili.

Pawa saplai sikuwa na fedha yake. Ile niliyoitaka, wati 550 za kweli, ilikuwa ghali kuliko prosesa nyingi za mtumba. Fundi aliiagiza Dar kwa fedha yake, ikaja na basi, akanikabidhi stendi. “Utanilipa parachichi zikitoka.” Hakuandika popote. Mimi niliyekuwa na rekodi ya kununua taa, akanikopesha bila karatasi. Ndaga fijo, asante sana, mzee wangu, kama utasomewa haya.

Kisha nikasubiri, na kusubiri ndiko kulikonishinda zaidi. Lori langu lilitembea kwa mwonekano wa chini kabisa, milima ya Uswisi ikiwa na mawe ya mraba. Rafiki mmoja akaniita fukara mwenye mazabodi. Wachimbaji wa sarafu walipoanza kuuza kadi zao, hasa baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, RX 580 zilikuwa rahisi mno, na nililala nikiziota. Kadi hiyo inakula wati 185, na ya mchimbaji imechemka usiku na mchana. Nilishika simu nimpigie muuzaji, nikaiweka. Siku nyingine nikaishika tena. Sisemi nilikuwa imara. Fedha ndiyo haikutimia.

Mwaka 2023 ilitimia kwa RX 6600. Gigabaiti 8, wati 132. Nilipoiunganisha niliita mke wangu kabla ya rafiki yeyote, na alijua bei yake hadi shilingi ya mwisho. Yeye ndiye aliyeendesha lori la kwanza. Aliligonga kwenye kituo cha mafuta.

Kuhusu hali ya hewa yetu, nimejifunza kwa kuumia. Kompyuta haikai sakafuni, maana unyevu wa saruji ni adui, wala haifunikwi kitambaa ikiwa bado ya moto. Mwezi wa Juni na Julai, ukungu ukiwa umekaa hadi saa nne, naiwasha kidogo hata kama sichezi. UPS ninayo, lakini si kinga ya radi. Wingu likianza kunguruma upande wa Mlima Rungwe nachomoa waya ukutani, na wa intaneti pia. Picha za mtoto ziko sehemu tatu sasa.

Deni nililimaliza msimu uliofuata. Fundi alipokea, akahesabu, akanirudishia noti moja ya nauli ingawa nilikuja kwa miguu. Siku hizi vijana wanaouliza habari za gemu ananitumia mimi. Wengi huja na picha ya kadi. Nawauliza kwanza kama nyumba yao ina ethi, na wengine hawarudi. Mmoja alirudi, binti wa kidato cha sita kutoka Katumba, na kalamu na daftari, na pawa saplai ya wati 500 aliyoikopa kwa kaka yake ili tuisome pamoja. Mstari wa volti 12 ulikuwa ampia 14. Tukapiga hesabu.