Mtu Mzima na Mbio

Katika miji yetu ya pwani mtu mzima mwenye ndevu zake haonekani akikimbia ila kwa moja katika mambo matatu: ama mvua imemkuta njiani na kanzu nyeupe, ama feri ya Likoni yataka kumwacha, ama kuna moto mtaani. Ukimwona anakwenda mbio bila ya mojawapo katika hayo, huna budi kujiuliza amepatwa na nini. Nami leo nataka kukuzungumzia sababu ya nne, ambayo kwayo mimi hukimbia siku nne katika juma, na umri wangu ni miaka 58.

Sikupata kushinda mashindano yoyote, wala sikupata kuyaingia. Nilianza nilipokuwa na miaka 51, na lililonianzisha ni kuwa nyumba yetu sisi ni nyumba ya ugonjwa wa sukari. Marehemu baba yetu alikufa nao. Ndugu yangu mkubwa, ambaye tulipokuwa watoto akituacha nyuma sote tukishindana uwanjani, siku moja alivaa kiatu kilichokuwa na kokoto ndani, akashinda nacho dukani mchana kutwa. Hakuisikia, kwani sukari ikikaa mwilini miaka mingi huzifisha hisi za nyayo. Jioni alipovua soksi ndipo alipoiona damu. Kidonda kile hakikupona, na mwisho wake alikatwa mguu chini ya goti. Mwaka uliofuata nilikwenda kupimwa mimi, nikaambiwa: bado hujawa mgonjwa, lakini ugonjwa uko mlangoni wabisha hodi. Punguza chakula, na utumie mwili wako.

Basi hapo ndipo yalipoanza maneno. Kutembea, kila mtu alinikubalia. Kukimbia ndiko kulikozua vicheko. Barazani niliulizwa, "Sheikh, wamkimbia nani? Mauti yako mbele, hayako nyuma." Watoto walinifuata wakipiga mayowe ya mwizi. Mzee mmoja, mtu wangu wa karibu sana, aliniita kando akaninasihi kwa upole ya kuwa mtu wa makamo yangu mwendo wake huwa wa taratibu, na kuwa nalivunja jina la nyumba. Sikumjibu siku ile, kwani ni mkubwa wangu. Nakujibu wewe, msomaji, kwa sababu naamini neno hili la heshima linawalaza wengi kitandani kabla ya wakati wao.

Ni kweli wazee wetu walikwenda taratibu njiani. Lakini tazama na saa zao nyingine. Walikwenda mashamba kwa miguu wakarudi na mizigo vichwani, walivuta maji visimani, walipiga makasia, walipandisha matanga. Mwendo wao wa taratibu ulikuwa ni mapumziko ya mtu aliyekwisha fanya kazi. Sisi twatoka kitandani twakaa kwenye kiti, kutoka kitini twapanda tuktuk iliyotufuata mpaka mlangoni, tukishuka twakaa kwenye kiti kingine. Na chakula ni kile kile: mahamri kwa mbaazi za nazi asubuhi, pilau na biriani kwa kila shughuli, na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Sinia tumelirithi, jembe hatukulirithi.

Na kama ni heshima, ni nani mwenye heshima kuliko Mtume (S.A.W.)? Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kuwa wakiwa safarini alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, Bibi Aisha alipokuwa amenenepa, walishindana tena, na mara hii Mtume akashinda, akamwambia kuwa hii ni kwa ile. Wakati huo umri wake Mtume ulikwisha pita miaka 50. Sisemi kuwa hadithi hii yafanya mbio kuwa faradhi. Nasema yatosha kuwanyamazisha wa barazani.

Tena si jambo la kubahatisha. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, alitangaza pamoja na wenziwe utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa mbili. Dereva na kondakta walitoka katika tabaka moja la watu na walifanya kazi katika gari moja. Lakini dereva alikaa siku nzima, na kondakta akapanda na kushuka ngazi kukata tikiti. Ikaonekana kuwa makondakta hawakushikwa na maradhi ya moyo kwa wingi kama madereva, na walioshikwa hawakufa kwa haraka kama wale. Kila nikipanda matatu nikamwona dereva wetu na tumbo lake, na makanga aliyening'inia mlangoni, hukumbuka habari hii, ingawa sipendi huyo makanga aning'inie.

Kwa ugonjwa wa sukari sababu yake iko wazi. Misuli ikifanya kazi huivuta sukari iliyomo katika damu na kuitumia, hata kwa mtu ambaye mwili wake umekuwa mzito kuitii insulini. Ndiyo maana faida yake si ya siku moja. Ukiacha siku nyingi huanza upya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewausia watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka, ama dakika 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu. Ukizigawa utaona ni muda mdogo kuliko ule tunaoumaliza barazani baada ya sala ya laasiri.

Sasa, kuna jambo moja ambalo lau ningeweza ningelibandika kila mlango: kimbia polepole. Vijana wengi huanza kwa kasi ya mtu anayefukuzwa, siku ya tatu magoti yanauma, siku ya nne wamelala. Katika mji wa Auckland, New Zealand, alikuwako mwalimu wa mbio jina lake Arthur Lydiard, ambaye wanafunzi wake wawili, Peter Snell na Murray Halberg, walipata medali za dhahabu katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Mtu huyo huyo aliwakusanya watu wa kawaida, wanene na wazee, akawafundisha kukimbia kwa mwendo ambao waweza kuzungumza. Mwaka 1962 alizuriwa na Bill Bowerman, mwalimu wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Bowerman alitoka kukimbia na watu hao wa kawaida, akaachwa nyuma, na aliyebaki kumliwaza njiani ni mzee aliyemzidi umri kwa miaka mingi na aliyewahi kuugua moyo! Bwana huyo alirudi kwao akaanza kuwafundisha majirani zake, na huko Marekani kukimbia polepole kukaenea.

Mimi kipimo changu ni salamu. Nikipita mbele ya mtu akaniamkia, nikaweza kumrudishia "Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh" yote kwa pumzi moja, mwendo ni sawa. Nikikatika katikati, napunguza. Mwezi wa kwanza sikuweza hata nusu yake. Nilikuwa nakimbia kutoka nguzo moja ya taa hadi ya pili, kisha natembea nguzo mbili nikihema, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Ilinichukua miezi minne kukimbia nusu saa bila ya kusimama.

Hutoka baada ya sala ya alfajiri. Napita Ngomeni, naingia Kizingo, kisha naifuata barabara ya Mama Ngina chini ya ile mibuyu mikongwe, bahari upande mmoja na meli zikiingia Kilindini. Ikiwa mwili una nguvu nafika karibu na feri. Ikiwa hauna, narudi kutoka mnara wa taa. Jua likipanda tu nimekwisha fika nyumbani, kwa kuwa hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi: jasho latiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, hupunguza safari yangu na kuongeza maji. Kusi likivuma, Juni na Julai, ndipo raha ilipo. Mwezi wa Ramadhani huingoja nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi, nikatembea tu.

Mavazi si tatizo. Suruali ndefu nyepesi na fulana pana hustiri vya kutosha. Viatu ndivyo vya kutolea fedha, navyo nilivipata Kongowea katika mitumba, vya chapa nzuri na soli nzima.

Lakini sitaki kukudanganya kuwa mbio ni hirizi. Mmarekani Jim Fixx, aliyeandika mwaka 1977 kitabu cha mbio kilichonunuliwa na watu wengi mno, alikufa kwa moyo mwaka 1984 akiwa katika kukimbia, naye alikuwa na miaka 52. Mishipa ya moyo wake ilikutwa imeziba. Baba yake alikufa kwa moyo akiwa na miaka 43, na yeye mwenyewe alikuwa mnene mvuta sigara kabla ya kuanza mbio. Basi mwenye miaka mingi, au mwenye presha, au ambaye kwao kuna maradhi ya moyo, na aende akapimwe kwanza. Na akisikia kifua kinabana, asimame siku hiyo hiyo asiseme kitapita. Mwenye kutumia insulini au vidonge vya sukari naye azungumze na daktari wake, kwani sukari yaweza kushuka ghafla. Achukue tende mbili tatu mfukoni.

Nina neno na waume wenzangu. Mke wangu na majirani zake watatu hutoka baada ya alfajiri na mabuibui yao na raba miguuni, wakatembea kwa kasi ambayo vijana wengi hawaiwezi. Mmoja wao mumewe alimkataza, akisema mwanamke kutembeatembea asubuhi hakupendezi. Bwana huyo huyo humtuma sokoni saa sita ya mchana, arudi na kapu zito juani. Mimi sikuelewa tofauti, na mke wangu alikwenda kumweleza mkewe asielewe pia. Sasa wako wanne tena.

Sukari yangu miaka saba sasa haijavuka mpaka. Sisemi ni mbio peke yake, kwani chai nainywa kavu na mafuta ya jikoni yamepungua, wala sijui ya kesho. Ndugu yangu huja msikitini kwa magongo, na baada ya sala hukaa kwenye baraza la nyumba yetu kuningoja nibadilishe nguo. Viatu havinipi mpaka avitie mkono mwenyewe, kimoja kimoja, avipindue, avikung'ute, na apapase ndani hadi kwenye vidole. Kisha huvitua mbele yangu akaniuliza, "Leo wafika wapi?"