Bombo: Mji wa Nasaba za Askari

Msafiri atokaye Kampala kwa barabara ya Gulu, akiisha kwenda kilometa 35 hivi, huufikia mji wa Bombo. Kinachomlaki kwanza ni kambi, kwa maana hapo ndipo yalipo makao makuu ya Jeshi la Nchi Kavu la Uganda. Lakini kando ya kambi upo mji wa raia, wenye misikiti na nyua ambamo akina mama waliovaa gurbaba husuka vifuniko vya chakula kwa ukindu wa rangi. Hao ni Wanubi, nami nilikwenda kwao kuitafuta asili ya ukoo wangu.

Kwetu ilisemwa daima: "Sisi ni Wanubi, tulitoka Sudani." Siku moja binti yangu aliniuliza, "Sudani ya wapi, baba? Na bibi yetu wa kwanza aliitwa nani?" Nikakosa jibu.

Ndugu msomaji, kisa cha Wanubi ni kisa cha jeshi. Emin Pasha alikuwa gavana wa Jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani, chini ya serikali ya Misri. Vita vya Mahdi vilipoikata njia ya kaskazini, askari wake walibaki peke yao. Mwaka 1889 Stanley alimpeleka Emin hadi Bagamoyo, lakini askari wengi walibaki na Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akaja nao Uganda: askari kwa mamia, na wake, watoto na wafuasi wao kwa maelfu. Wakawa shina la jeshi la kikoloni. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi kwa sababu ya mishahara duni na safari zisizokwisha. Mwaka 1902 kikosi cha Uganda kiliingizwa katika King's African Rifles, na baadaye Bombo ikawa kambi yake.

Nilidhani nitaonyeshwa karatasi. La hasha! Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, Wanubi wengi walikimbilia Sudani, Zaire na Kenya, na karatasi za jamaa zetu zilipotea katika mkimbio huo. Hati iliyobaki ni kumbukumbu ya wazee.

Nilipelekwa kwa bibi mkongwe wa ukoo wetu. Baada ya salamu na chai nikamwuliza babu yetu alikuwa Mnubi wa wapi. Akacheka.

"Mjukuu wangu, babu yako alizaliwa Mmakaraka. Mwenzake alikuwa Mbari, na mwingine Mdinka. Jeshi na dini ndivyo vilivyowafanya Wanubi."

"Na mkewe?"

Akanyamaza kitambo. "Huyo hakutoka Sudani. Alikuwa Mnyoro. Alichukuliwa katika vita vya Kabalega, akiwa bado msichana. Jina tunalolijua alipewa na mumewe. La kwao halikuulizwa."

Vita vile vilianza mwishoni mwa mwaka 1893, na Kabalega alikamatwa mwaka 1899. Tangu utoto nilijivunia bunduki ya babu yangu. Sikujua kwamba nusu ya damu yangu ilikuwa upande wa pili wa bunduki ile.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imewataja Wanubi miongoni mwa jamii za asili za nchi, na hiyo ni haki. Lakini nyumbani kwangu lilibaki deni. Nilimweleza binti yangu yote, pamoja na lile la aibu. Akachukua daftari, akaandika jina la babu, na chini yake akaacha mstari mtupu kwa ajili ya yule Mnyoro.

Ninyi mlio makambini na jamaa zenu, waulizeni wazee wangali hai. Andikeni kikosi, mwaka na mahali. Na majina ya akina mama yasisahauliwe.