Muhali Haupimi Injini



Tukisema tunatafuta gari la spoti, watu hucheka: wanawake na Altezza wapi na wapi? Sisi ni dada wawili, pesa zetu ni za mchezo wa kila mwezi, na tunachokipenda tunakijua. Toyota Altezza lina milango minne, watoto wa skuli wanaenea nyuma, na likishika barabara unalisikia. Lakini lilitengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005. Gari la umri huo halinunuliwi kwa rangi na mngurumo.

Kinachotuponza watu wa visiwani mara nyingi ni muhali. Muuzaji ni mtoto wa jirani, mama yake keshakukaribisha chai, utamwambia vipi afungue boneti? Lakini injini haijui ujirani. Dini yetu imemtaka muuzaji aseme kasoro za bidhaa yake. Ukikagua humvunjii heshima, unamsaidia asibebe dhima.

Sisi tunafuata mpango huu.

Kwanza, tunamwomba muuzaji asiliwashe kabla hatujafika. Tukigusa boneti tukaikuta ya moto, tunarudi siku nyengine, kwa sababu injini baridi ndiyo inayosema kweli. Kabla ya kuwasha tunafungua kifuniko cha oili. Ukikuta uji mweupe ndani yake, huenda maji yamechanganyika na oili. Gari likiwaka, mmoja wetu husimama nyuma kutazama moshi. Wa buluu, gari linakula oili. Mweupe mzito usiokatika hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani. Mweusi, petroli inaungua kupita kiasi.

Pili, namba ya chesisi. Inayoanza na SXE10 ni RS200, yenye silinda 4. Inayoanza na GXE10 ni AS200, yenye silinda 6. Zote ni lita 2, lakini RS200 ndiyo yenye nguvu zaidi, na watu huiulizia. Beji ya nyuma hubandikwa tu, usiiamini. Na namba hiyo lazima ilingane na ile ya kwenye kadi ya gari.

Tatu, mkanda wa timing. Injini zote mbili zinautumia, na kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, injini inaweza kuharibika vibaya. Tunaomba risiti ya mara ya mwisho. Isipokuwepo, tunahesabu kuwa haujabadilishwa, na gharama yake tunaitoa kwenye bei.

Nne, chini ya gari. Tumezungukwa na bahari, na chumvi haina huruma na chuma. Chutama na kurunzi utafute kutu, na utazame springi. Vijana wengine huzikata ili gari liiname, na gari la hivyo ni hatari. Tairi zikiwa zimelika upande mmoja, mwambie fundi aangalie boli jointi na shokapu.

Mwisho, liendeshe mwenyewe, hasa kwenye barabara mbovu. Sikiliza milio, jaribu gia zote, na ukikanyaga breki gari lisivute upande. Mita ikionesha kilomita chache huku pedeli na usukani vimechakaa, jiulize. Na fundi awe wako, asiwe rafiki wa muuzaji.

La tatu tulilolikagua lilikuwa jekundu, zuri mno, la mtu wa karibu na familia. Kifuniko cha oili kilikuwa na ule uji mweupe, na maji ya rejeta yalikuwa yamepungua sana. Tukamwonesha kwa adabu, tukashukuru, tukaondoka. Shangazi alinuna wiki nzima, akisema tumemwaibisha. Lakini yule kijana mwenyewe hakukasirika. Alilipeleka kwa fundi, na salamu bado tunapeana. Pesa yetu ya mchezo ipo, bado tunatafuta.

Dada, omba dua, fanya istikhara. Na siku ya kwenda kuliona gari, usisahau kurunzi.